MASWALI YENU: Skolaship za michezo Marekani, nani anapata na nani anapigwa

Tangu tuandike habari ya Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama, yule binti wa Kenya aliyebeba ubingwa wa mbio za nyika za vyuo 2024 halafu Juni 2025 akakimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15, rekodi ya vyuo vya Marekani, meseji hazikatiki hapa ofisini. Karibu wote mnauliza jambo moja kwa staili tofauti, mimi au mwanangu tunafikaje huko. Nimechukua maswali yanayojirudia, mengine nimeyakata maana kuna mtu katuma kurasa nne na picha za medali.

*

SWALI: Shikamoo anko. Nimemaliza kidato cha sita, nakimbia 1500 na 5000. Watu wananichanganya, huyu anasema D1, huyu D2, mwingine NAIA, mwingine JUCO. Ipi ni bora? – Dogo wa Nyika

JIBU: Marahaba dogo. Kwanza jua unaingia wapi. Chuo cha Marekani kina idara nzima ya michezo, ina mkurugenzi, makocha wa kuajiriwa, madaktari wa timu, watu wa tiketi, watu wa kukagua kanuni, na bajeti ambayo kwenye vyuo vikubwa inapita dola milioni 100 kwa mwaka. Hivi vyuo vinajipanga kwenye konferensi, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana kila msimu, na juu yake kuna chama. Kikubwa ndio NCAA, makao yake Indianapolis, na kilizaliwa 1906 baada ya vijana kadhaa kufa uwanjani kwenye futiboli ya Kimarekani mpaka Rais Theodore Roosevelt akawaita wakubwa wa vyuo Ikulu kuwaambia rekebisheni huu mchezo. Lakini mashindano yenyewe ni ya zamani zaidi, ya kwanza kabisa yalikuwa 1852, Harvard na Yale kupiga makasia kwenye ziwa kule New Hampshire, na unajua nani alilipia safari? Kampuni ya reli iliyokuwa inatafuta abiria wa kuja kuangalia. Kwa hiyo ukisikia wazee wanalia eti pesa imeharibu michezo ya vyuo siku hizi, pesa ilikuwemo tangu siku ya kwanza.

Sasa madaraja. NCAA ina divisheni tatu tangu 1973. D1 ndio wakubwa, vyuo zaidi ya 350, pesa nyingi, ushindani mkali. D2 wanatoa skolaship pia ila mara nyingi wanagawa vipande vipande. D3 hawatoi skolaship ya michezo hata senti moja, hata uwe na mbio kama za swala (hapa kuna ujanja wake, nitasema chini). NAIA ni chama kingine kabisa, vyuo vidogo vidogo, vingi vya kanisa, na kanuni zao za kuingia ni laini kidogo. JUCO ni vyuo vya miaka miwili chini ya chama chao kinachoitwa NJCAA, unasoma pale, unakimbia, halafu unahamia chuo cha miaka minne. South Plains College kule Levelland, Texas, wakimbiaji wengi wa Kenya wamepitia pale na hakuna aliyewacheka.

Mimi D1 simshauri kila mtu. Kuna watoto wanang'ang'ania hiyo D1 kama jina la dhehebu, anakataa ofa nzuri ya D2, anaishia nyumbani. Adams State ya Alamosa, Colorado ni D2, iko juu karibu mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na kwa mbio ndefu imetoa mabingwa miaka na miaka. Angalia kocha ni nani, amewakuza wangapi wa umbali wako, anakulipia kiasi gani, na kozi unayotaka ipo au haipo. Na muda wako, tafadhali, uwe wa saa ya umeme. Huu wa mwalimu kasimama kwenye nyasi na simu mkononi, kocha wa Marekani akiuona anafungua meseji inayofuata.

*

SWALI: Habari za kazi. Kuna kijana mmoja anatuambia yeye ni wakala, anataka dola 1,500 ili amtafutie mwanangu chuo, na mwanangu akipata anataka tena asilimia kumi ya skolaship. Ni utaratibu wa kawaida? – Mama Mwanariadha

JIBU: Mama, hapana. Na hiyo ya pili ndio mbaya kuliko ya kwanza, maana kanuni za NCAA zinaruhusu kampuni ya kutangaza wachezaji ilipwe bei moja inayojulikana, ila hairuhusiwi malipo yategemee mtoto kapata chuo au kapata skolaship ya shilingi ngapi. Huyo kijana akichukua hiyo asilimia kumi anaweza kumfungia mwanao mlango kabla hajakimbia hata mita moja.

Mambo ya kulipia kweli ni haya. Kufungua akaunti kwenye kituo cha NCAA cha kuhakiki wanafunzi, haifiki dola 200, na analipa mwenyewe kwenye tovuti yao. Chuo kikishampokea wanamtumia fomu ya I-20 ya kuombea viza, hapo analipa dola 350 za SEVIS, ule mfumo wa serikali yao wa kuwafuatilia wanafunzi wa nje, halafu dola 185 za maombi ya viza ya mwanafunzi, F-1. Basi. Kabla ya kulipia viza aangalie tangazo la ubalozi kwa nchi yenu, masharti yamekuwa yakibadilika tangu 2025 na sitaki mtu atume hela halafu akute dirisha limefungwa.

Kumtambua tapeli siyo kazi ngumu. Kocha wa kweli anaandika kwa imeli ya chuo inayoishia na edu, jina lake liko kwenye ukurasa wa timu pamoja na picha, na anauliza matokeo ya mtihani mapema kabisa, hata kabla ya kuuliza habari ya viatu. Tapeli haulizi matokeo ya mtihani. Yeye anauliza M-Pesa yako ina kiasi gani.

*

SWALI: Mambo vipi mhariri. Nimepata ofa, kocha kaniandikia "full scholarship" kwenye WhatsApp. Nimeshaaga kijijini. Full ni full kweli? – Mzee wa Maji na Viunzi

JIBU: Hongera kwanza, ila rudi kijijini uwaambie wasubiri kidogo. WhatsApp siyo ofa. Ofa ni barua ya msaada wa masomo, ina saini ya chuo, ina kiasi kwa dola na ina muda, mwaka mmoja au zaidi. Ile karatasi ya zamani ya kujifunga na chuo waliyokuwa wanaiita NLI ilifutwa Oktoba 2024, sasa hivi huo mkataba wa msaada ndio unakufunga wewe na wao, kwa hiyo usome mstari kwa mstari.

Hili neno full watu wanalibeba kirahisi sana. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume D1, nyika na uwanjani pamoja, iliruhusiwa skolaship 12.6 tu. Siyo 12 na wala siyo 13, ni 12.6. Wanawake 18. Na timu ina watu 40 na zaidi, kwa hiyo kocha alikuwa anakatakata, huyu nusu, huyu robo, huyu vitabu tu, huyu hapati kitu ila avae jezi. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya kesi ya House (jina la mwanamichezo aliyeshtaki) dhidi ya NCAA na kwa vyuo vilivyoingia kwenye huo mpango zile hesabu za skolaship zikafutwa, badala yake kukawekwa kikomo cha idadi ya wachezaji, 45 riadha ya uwanjani na 17 mbio za nyika. Kwa maandishi chuo kinaweza kuwalipia wote 45. Kwa vitendo vingi havina hiyo hela, au hela ipo ila inaenda kwenye futiboli. Halafu kikomo chenyewe kinamfanya kocha awe mchaguzi zaidi, zamani angekubeba uje ujaribu bahati, sasa kila kiti kina hesabu.

Kwa hiyo chukua kalamu. Tuseme chuo kinagharimu dola 42,000 kwa mwaka, ada 26,000, malazi na chakula 13,000, vitabu na bima na vikorokoro 3,000. Kocha akisema asilimia 60, hiyo ni 25,200, inabaki 16,800 ya kutoa wewe, kila mwaka, na bila kuonyesha hiyo hela ipo wapi hiyo I-20 hutaiona. Hata ile full, tiketi ya ndege ya kwanza mara nyingi ni juu yako, na likizo ya kiangazi unakula na kulala kwa hela ambayo inabidi uulize mapema inatoka wapi. Kingine ambacho wengi kinawashtua wakishafika: sehemu ya skolaship ya ada na vitabu haina kodi, lakini sehemu ya malazi na chakula ina kodi kwa mwanafunzi wa nje, kawaida asilimia 14, kwa hiyo kwenye zile 13,000 kuna dola 1,820 zinatafutwa mahali. Vyuo vingine vinakata kidogokidogo, vingine vinakuletea bili mwezi Februari wakati wa baridi kali huna hata hamu ya kufungua bahasha.

Muulize kocha kwa maandishi: ni asilimia ngapi, ya nini na nini, kwa miaka mingapi, kiangazi inakuwaje, na kodi nani anaibeba. Kama ni mkweli atakujibu siku hiyohiyo. Akianza kusema "usijali ndugu yangu tutaongea ukifika", wewe jali.

*

SWALI: Kaka, mimi niliacha shule miaka mitatu iliyopita, nimekuwa nakimbia rodi resi na nimeshinda hela mara kadhaa. Bado naweza? – Kilomita Kumi

JIBU: Unaweza, ila siyo popote na siyo na kila kitu. D1 kwenye riadha inakupa kama mwaka mmoja wa kupumua baada ya tarehe uliyotakiwa kumaliza sekondari. Ukiendelea kushindana mashindano rasmi baada ya hapo bila kujiunga chuo, wanaanza kukukata misimu, na ukifika unaweza kukaa mwaka mzima unafanya mazoezi bila kuvaa jezi kwenye mashindano. NAIA na JUCO wana hesabu zao tofauti, ndio maana wakubwa kama wewe wengi wanaanzia huko.

Hii ya umri ni ugomvi wa zamani. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 80 vyuo kama Washington State na Texas El Paso vilijaza watu wetu, wapo waliokuwa wanaume wazima tayari, na makocha wengine wakawa wanalalamika kwamba vijana wao wa miaka 18 wanakimbizwa na watu wa miaka 25. Kanuni zikakazwa. Lakini ndio kipindi Suleiman Nyambui wa Tanzania alitawala akiwa El Paso na bado akachukua medali ya fedha ya Olimpiki mita 5000 Moscow 1980.

Hela za zawadi ndizo za kuangalia zaidi. Kawaida ya miaka yote ni kwamba zawadi isizidi gharama zako halisi za kushiriki, usafiri, malazi, kiingilio, na kanuni zenyewe siku hizi zinahama kila mwaka. Weka risiti zote, andika kila mbio na kila ulicholipwa, usisaini na meneja, na ukiulizwa usifiche. Matokeo ya rodi resi yako kwenye intaneti na jina lako, na watu wa kukagua kanuni kazi yao ni kutafuta jina lako.

*

SWALI: Netiboli ina skolaship huko? Na soka ya wanaume? – Dada wa GS

JIBU: Netiboli hamna, Wamarekani hawaijui. Lakini binti mrefu mwenye kudaka mpira kama GS, yule mfungaji wa netiboli, anatazamwa kwenye voliboli na basketi, na kuna mlango ambao watu wetu hawaujui kabisa, kupiga makasia kwa wanawake. Sheria ya 1972 inayoitwa Title IX inakataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayopata hela ya serikali kuu, na idara za michezo zikatafuta timu kubwa za wanawake za kulinganisha na ule mlima wa wanaume wa futiboli, makasia yakawa jibu, tangu 1997 yana ubingwa wake wa NCAA. Makocha wa makasia huchukua wasichana warefu wenye mapafu na mapaja ambao hawajawahi kugusa boti, wanafundishwa palepale. Skolaship huwezi kuahidiwa toka siku ya kwanza, ila mlango upo.

Soka ya wanaume ni finyu. Vyuo vingi vikubwa vya futiboli ya Kimarekani havina kabisa timu ya soka ya wanaume, na vilivyo nayo vilikuwa vinagawa skolaship 9.9 kwa kikosi kizima. Vijana wa Ulaya na Amerika Kusini wamejaa huko.

*

SWALI: Mdogo wangu ana futi 6 na inchi 9, ana miaka 16, basketi hajawahi kucheza. Tumcheke au tumpeleke? – Kaka Mtu

JIBU: Mpeleke kesho asubuhi. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, alianza basketi akiwa kijana tayari, akaenda sekondari Houston, akasoma Connecticut, wakafika nusu fainali za ubingwa wa vyuo 2009 na mwaka huohuo akachaguliwa wa pili NBA, Mtanzania wa kwanza kule. Dikembe Mutombo wa Kongo alifika Georgetown na skolaship ya kusomea, alitaka kuwa daktari, kocha John Thompson akamuona urefu, na jamaa akamaliza 1991 na digrii ya lugha na diplomasia kabla ya kwenda kuzuia mipira ya watu miaka 18. Ila sema ukweli nyumbani, urefu unafungua mlango tu, basketi ya D1 nafasi ni 15 kwa timu na dunia nzima inazitaka.

*

SWALI: Ratiba ikoje huko, kuna muda wa kusoma kweli? Na nikiumia ndio basi narudishwa? – Naogopa Baridi

JIBU: Maswali mawili mazuri, na baridi nayo uiogope.

Kanuni inasema mazoezi na mashindano yasizidi saa 20 kwa wiki msimu ukiwa unaendelea, siku moja ya kupumzika, na saa 8 nje ya msimu. Kwa karatasi. Kusafiri hakuhesabiwi, kukandwa misuli hakuhesabiwi, kukimbia "kwa hiari" asubuhi na wenzako wote wa timu ambao nao wamejitokeza "kwa hiari" hakuhesabiwi. Na darasani lazima uwe mwanafunzi wa muda wote, angalau krediti 12 kwa semista, ukishuka chini ya hapo hukimbii. Kwa hiyo picha ni hii: saa kumi na mbili asubuhi uko barabarani bado giza, saa mbili uko kwenye darasa la takwimu na nywele hazijakauka, mchana gym, jioni mkufunzi wa masomo anakusubiri maktaba maana timu ikiwa na wanaofeli wengi inanyimwa mashindano ya mwisho wa msimu, alama yake ya ufaulu na kubaki chuoni ikishuka chini ya 930 kati ya 1000. Alhamisi unapanda basi na laptopu, unaandika insha uko njiani kwenda jimbo la tatu.

Mkimbiaji wa mbio ndefu ana misimu mitatu kwa mwaka mmoja, nyika Agosti mpaka Novemba, ndani ya ukumbi Januari mpaka Machi, uwanjani Machi mpaka Juni. Mpira wa miguu una mapumziko, wewe huna. Na ubingwa unapigiwa hesabu ya pointi, uwanjani wa kwanza 10, wa pili 8, wa tatu 6, mpaka wa nane 1, kwa hiyo kocha mwenye tamaa anakuweka 5000 na 10000 na bado anakuangalia kwa jicho la 1500. Edward Cheserek wa Oregon alibeba mataji 17 ya NCAA kwa mtindo huo na watu walimpenda, lakini siyo kila mwili ni wa Cheserek. Henry Rono 1978 akiwa bado mwanafunzi wa Washington State alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mita 5000, viunzi na maji, 10000, na 3000, kitu ambacho sitegemei kukiona tena. Kwa hiyo kabla hujasaini omba namba ya mtu wa mwaka wa nne kwenye timu, muulize ninyi mnaumia mara ngapi. Hilo swali lina faida kuliko kuuliza uwanja una rangi gani.

Kuumia sasa. Tangu Agosti 2024 chuo cha D1 hakiruhusiwi kukunyang'anya au kukupunguzia skolaship kwa sababu umeumia au muda wako umeshuka, na lazima kilipie matibabu ya majeraha ya michezo hata miaka miwili baada ya kumaliza. Hiyo ni D1. Vyama vingine na divisheni za chini ni vile barua yako inavyosema, ndio nimeshasema isome. Na usisahau, hata D1 kinacholindwa ni kile kilichoandikwa.

*

SWALI: Nasikia wanafunzi wa michezo Marekani wanalipwa sasa. Na sisi wa nje je? – Njaa Kali

JIBU: Jina lako limenichekesha. Ni kweli, tangu Julai 2021 mwanafunzi anaweza kuuza jina na sura yake kwa matangazo, wanaita NIL, na baada ya ile kesi ya House vyuo vyenyewe vinaweza kugawia wachezaji mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka 2025 hadi 2026. Nyingi zinaishia futiboli na basketi ya wanaume, mkimbiaji wa nyika akipata viatu na jaketi ashukuru.

Wewe wa viza ya F-1 uko kwenye kona. Viza hiyo inaruhusu kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, maktaba, kantini, kufua jezi. Kutangaza kinywaji ukiwa Marekani kunaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na adhabu yake haiji kutoka NCAA, inakuja kutoka uhamiaji. Wapo wanaofanya matangazo wakiwa wamerudi nyumbani likizo, hiyo ina nafuu zaidi, ila usisaini chochote kabla hujakaa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako. Siyo kocha, kocha siyo mwanasheria wa viza. Ile ofisi.

*

SWALI: Shikamoo. Mimi darasani niko vizuri sana ila mbio ni za kawaida. Ndoto yangu Harvard. – Msomi

JIBU: Marahaba, na wewe ndio ule ujanja niliousema. Harvard na wenzake wa Ivy League wako D1 lakini hawatoi skolaship ya michezo kwa mtu yeyote, na D3 hivyohivyo. Wanachotoa ni msaada kulingana na kipato cha nyumbani, na baadhi yao, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, hawaangalii kama una hela wakati wa kukuchagua hata ukiwa mgeni, wakikuchukua wanaziba pengo lote. MIT ni D3 na ina timu zaidi ya 30. Sasa kocha wa pale hana hela ya kukupa, ila kuna vyuo ambavyo neno lake kwa kamati ya udahili linasikika, kwa hiyo muandikie hata kama mbio zako ni za kawaida. Mtoto wa maksi za juu kutoka familia ya hali ya chini anaweza kulipiwa kuliko bingwa wa wilaya aliyekatiwa asilimia 60. Watu hawaamini nikiwaambia.

*

SWALI: Nimuandikie nini kocha kwenye imeli ya kwanza? – Natetemeka

JIBU: Fupi. Kichwa cha imeli kiwe jina lako, mbio zako, muda wako bora na mwaka unaotaka kuanza. Ndani weka tarehe ya kuzaliwa, mwaka uliomaliza sekondari, matokeo ya mtihani wa taifa, linki ya matokeo ya mashindano ambapo jina lako linaonekana, na video moja ya mbio nzima, siyo ile ya mita mia za mwisho yenye muziki juu yake. NCAA iliacha kudai SAT, ule mtihani wa Marekani wa kuingilia chuo, mwaka 2023, ila chuo chenyewe kinaweza kuitaka, kwa hiyo sema kama umeifanya, na kama umefanya mtihani wa Kiingereza weka alama. D1 wanataka masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao, vyeti vyetu wanavijua kuvigeuza, usijigeuzie mwenyewe.

Usimuandikie kocha mmoja, waandikie arobaini, kila mmoja kwa jina lake na jina sahihi la chuo chake, maana nimeonyeshwa imeli ya kijana aliyemwambia kocha wa Kansas kwamba tangu utoto anaota kukimbilia Arkansas. Mwisho weka namba ya WhatsApp inayopatikana na ulale na simu imewashwa. Ikilia saa nane usiku pokea, kwa kocha wa upande wa New York ndio kwanza saa moja jioni.